Nani Amlipe Daktari wa Jopo?

Umoja wa Ulaya huuhesabu ugonjwa kuwa adimu usipowapata zaidi ya watu 5 katika kila 10,000. Kwa kipimo hicho selimundu, ugonjwa ambao wodi za watoto za Tanzania zinaufahamu vilivyo, kule ni adimu. Maradhi ya kundi hili ni maelfu, na wagonjwa wake barani Ulaya wanakadiriwa kufika milioni 30. Lakini wametawanyika mno. Daktari wa Riga au Valletta anaweza kustaafu bila kumwona mgonjwa wa pili wa ugonjwa uleule.

Ndiyo sababu mwaka 2017 ilizinduliwa mitandao 24 ya hospitali bingwa, mmoja wa figo, mwingine wa ini, mwingine wa macho na kadhalika, chini ya sheria ya mwaka 2011 ya haki za wagonjwa wanaotibiwa nje ya nchi zao. Lengo ni ujuzi usafiri na mgonjwa abaki kwao. Daktari anayemtibu huomba ridhaa yake, huweka picha na majibu ya vipimo kwenye mfumo salama wa kompyuta, na mabingwa wa nchi kadhaa hukaa kama jopo na kumrudishia ushauri.

Wazo ni zuri, sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu uko kwenye fedha. Mikataba ya Umoja huo inaacha uendeshaji wa huduma za afya mikononi mwa kila nchi. Brussels inagharamia uratibu na mfumo wa kompyuta. Saa ambazo bingwa wa Paris anazitumia kusoma faili la mgonjwa wa Bulgaria, kwa kawaida, hazina wa kuzilipa: mgonjwa si wa hospitali yake, na bima ya Bulgaria haimtambui. Anafanya kazi hiyo jioni, baada ya kliniki yake. Na yule aliyeomba ushauri amelazimika kuchapa upya taarifa ambazo tayari zimo kwenye mfumo wa hospitali yake. Wakaguzi wa hesabu wa Umoja wa Ulaya walionya mwaka 2019 kwamba mitandao hii haina mpango unaoeleweka wa fedha za kudumu. Moyo wa kujitolea umeibeba mbali kuliko nilivyotarajia, ila hospitali haiwezi kupanga zamu kwa kutegemea moyo.

Tuseme ushauri umepatikana, na jopo limependekeza upasuaji usiofanyika nchini kwa mgonjwa. Hapo mpaka unarudi. Akitumia sheria ile ya 2011, kwa kawaida hulipa kwanza kutoka mfukoni, kisha hurudishiwa kwa viwango vya nchi yake, na viwango vya nchi maskini havitoshi kulipia hospitali ya Ujerumani. Njia nyingine ni kuomba idhini ya bima kabla ya safari, na idhini hiyo hutolewa na taasisi ambayo ndiyo itakayobeba gharama. Mwenye akiba atasafiri, asiye nayo atabaki na karatasi ya ushauri.

Siasa nayo ina lake. Hospitali za Uingereza zilikuwa miongoni mwa viongozi wa mitandao hii. Nchi hiyo ilipokamilisha kujitoa kwenye Umoja wa Ulaya, mwisho wa 2020, zikaondolewa zote. Uratibu wa mtandao wa kasoro za kimaumbile na ulemavu wa akili ulihama Manchester kwenda Paris. Magonjwa yenyewe hayakupiga kura.

Tangu 2024 upo mradi wa miaka mitatu uitwao JARDIN, wenye kazi ya kuiunganisha mitandao hii na mifumo ya afya ya kila nchi. Unaweza kuzaa miongozo na mikutano mingi, na baadhi itafaa. Mimi nitaupima kwa jambo moja kavu: mpaka utakapofungwa, ni nchi ngapi zitakuwa zimeingiza saa ya jopo kwenye orodha ya huduma zinazolipiwa na bima, kama zinavyolipia picha ya eksirei.