Wakibisha Hodi, Nani Atafungua?



Lipo neno ambalo limesikika mara nyingi katika mikutano yetu, na tumeona si haki kulinyamazia. Wenzetu waliosoma Lubumbashi na Kinshasa wanasimulia habari za vijana wanaotembea wawili wawili, wenye mashati meupe na kibao cheusi cha jina kifuani, wanaobisha hodi nyumba kwa nyumba. Ni wamisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao watu wengi huwaita Wamormoni. Mara masimulizi yanapokwisha, mmoja wetu husimama na kusema: «Siku watakayofika Baraka, tutawafukuza. Fizi ni ya Wakatoliki.» Kisha makofi hupigwa.

Sisi hatupigi makofi. Tunasema waziwazi kwamba neno hilo si la Kikatoliki, na tena kwamba katika nchi hii ya Fizi, kuliko katika nchi nyingine nyingi, ni neno la aibu.

Tumwangalie kwanza huyo tunayetaka kumfukuza. Ni kijana wa miaka 18 au 19. Ameacha masomo, mpira na marafiki kwa muda wa miaka miwili. Akiwa msichana, kwa miezi 18. Mahali anapokwenda hakupachagua, na mwenzake wa kutembea naye hakumchagua pia. Mshahara hapati: yeye na jamaa yake wameweka akiba ili agharimie safari yake mwenyewe. Anashuka katika mji asioujua, na siku za kwanza hajui njia ya kwenda sokoni. Anasalimu kwa maneno aliyoyakariri, watoto wanamcheka. Anabisha mlango, unafungwa. Anabisha wa pili, anaambiwa arudi kesho, na kesho mwenye nyumba hayupo. Usiku analala akimkumbuka mama yake, na asubuhi anavaa tena shati lake jeupe na kutoka. Vijana wa namna hiyo ni zaidi ya 70,000 duniani kote, na miongoni mwao wamo Waafrika wengi.

Mtu atatuuliza: Je, mmeanza kuwasifu Wamormoni? Hapana. Tofauti kati ya imani yetu na yao si ndogo, na anayewaambia vijana kwamba ni ndogo anawadanganya. Kanisa lao lilianzishwa na Joseph Smith huko Marekani mwaka 1830. Wana vitabu vingine wanavyoviweka pamoja na Biblia. Wanapotaja Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, hawaelewi kama tunavyoelewa sisi tunapokiri Mungu mmoja katika Utatu. Kwa sababu hiyo Roma ilitamka mwaka 2001 kwamba ubatizo wao si halali. Kijana Mkatoliki anapaswa kuyajua hayo, na akiulizwa ayaseme bila kuficha.

Lakini hapo ndipo penye kidonda chetu. Ni wangapi kati yetu wanaoweza kuyasema? Mtu mwenye hoja hahitaji jiwe. Anayekimbilia kufukuza ni yule asiyejua la kujibu, naye huuita woga wake kwa jina la bidii. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya uhuru wa dini la tarehe 7 Desemba 1965, ulifundisha kwamba katika mambo ya imani mtu asishurutishwe wala asizuiwe kwa nguvu kuifuata dhamiri yake. Sisi tunaojigamba kwamba ni watoto watiifu wa Kanisa, tutalitii fundisho hilo, au tutatii yale yanayotupendeza tu?

Sasa tuje kwenye aibu yenyewe. Nani alileta Injili katika nchi hii? Wageni. Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadri Weupe, walifika pande hizi za ziwa Tanganyika karibu na mwaka 1880, na mwaka 1883 wakajenga misioni Kibanga, katika rasi ya Ubwari, ambayo mtu akisimama ufukoni Baraka anaiona kwa macho yake. Ng'ambo ya ziwa, huko Rumonge, wenzao watatu walikuwa wameuawa mnamo Mei 1881. Waliofika baadaye walijua habari hiyo, na hata hivyo walipanda mitumbwi.

Mwaka 1958 wakaja Wamisionari Wasaveri kutoka Italia. Mmoja wao alikuwa Padri Luigi Carrara, mzaliwa wa mkoa wa Bergamo, aliyefika Kongo mwaka 1962 akiwa na miaka 29, upadri wake ungali mchanga. Fikirini siku zake za kwanza. Mtu aliyesoma teolojia kwa miaka mingi alilazimika kufundishwa kusalimu kama mtoto mdogo. Walimu wake hawakuwa maprofesa, walikuwa mababu na mabibi zetu. Ni wao waliomwonyesha njia, wakasahihisha matamshi yake na kumkaribisha kwenye bugali na ndakala. Kama wazee wetu wangesimama mlangoni na kusema, «Huyu si wa kwetu,» leo tungekuwa na parokia ya kujigamba nayo?

Mwisho wake mnaujua. Jumamosi tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa uasi wa Wasimba, gari la waasi lilifika misioni ya Baraka. Bruda Vittorio Faccin, mwenye miaka 30, akapigwa risasi. Padri Carrara alikuwa akiungamisha waamini. Alipotoka aliamriwa apande gari, akakataa: alitaka kufa pamoja na ndugu yake. Akauawa palepale, akiwa na miaka 31. Jioni ileile gari likapanda mlima hadi Fizi, na huko wakauawa Padri Giovanni Didonè, aliyekuwa na miaka 34, na Padri Albert Joubert. Tarehe 18 Agosti 2024, mjini Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza wote wanne kuwa Wenyeheri. Wengi wetu tulikuwepo, tukaimba hadi sauti zikakauka.

Tunaomba mtu yeyote asipite haraka kwenye jina la nne. Padri Albert Joubert hakuwa mgeni kutoka Ulaya. Alizaliwa mwaka 1908 huko Mrumbi, upande wa Moba, kandokando ya ziwa letu hilihili. Mama yake, Agnes Atakaye, alikuwa Mwafrika wa pande hizo. Alipewa upadrisho mwaka 1935, na alipouawa alikuwa na miaka 56, mzee kati ya wale vijana. Lile neno «si wa kwetu», lililoanza kwa kumtafuta mzungu, halikusimama kwa mzungu. Lilimfikia pia mtoto wa ziwa. Ndivyo lilivyo neno hilo: ukishalinoa, huwezi kuchagua litamkata nani.

Je, tunahitaji kukumbushwa kwamba neno hilo halijafa katika milima ya Fizi? Vijiji vimechomwa kwa ajili yake. Ng'ombe wamenyang'anywa na mashamba yameachwa kwa ajili yake. Watu waliozaliwa kwenye kilima kimoja wanaulizana leo nani alifika kwanza na nani anapaswa kuondoka. Kijana anayejifunza kumfukuza Mmormoni mwenye Biblia mkononi amejifunza pia namna ya kumfukuza jirani wa kabila lingine, na kesho mkimbizi wa Burundi aliyepo kambini Lusenda. Hatuwezi kuwaheshimu Wenyeheri wetu kwa midomo na huku tukilitunza neno lililowaua.

Lakini kosa letu kubwa zaidi, ndugu vijana, si kwamba tunataka kuwafukuza waliotumwa. Kosa kubwa ni kwamba sisi wenyewe hatumtumi mtu.

Tunacho chama cha Xavéri, tunao Kizito-Anuarite, tunazo kwaya. Tunashona kitenge cha sikukuu kwa wakati, na michango ya kitenge haikosi. Lakini tukiulizwa nani atakwenda kukaa mwezi mmoja katika kituo cha mbali ambako katekisti ni mzee na watoto hawana wa kuwafundisha, kila mmoja anaangalia chini. Pikipiki ni ghali. Padri hajasema. Mimi si mtawa. Sijasoma teolojia. Yule kijana wa miaka 18 mwenye shati jeupe naye hakusoma teolojia, na padri hana, amekwenda tu.

Na tusijifiche nyuma ya mapadri. Siku saba tu kabla ya damu ya Baraka na Fizi kumwagika, tarehe 21 Novemba 1964, Mtaguso ulitangaza hati juu ya Kanisa, Lumen Gentium, inayofundisha kwamba mlei, kwa ubatizo na kipaimara chake, ametumwa na Bwana mwenyewe katika utume wa Kanisa. Hatuhitaji kuitafuta mifano mbali. Bruda Faccin hakuwa padri. Baba yake Padri Albert, kapteni Ludovic Joubert, alikuwa mlei mwenye mke na watoto. Alikuja kutoka Ufaransa, akawalinda watu wa ziwa dhidi ya wawinda watumwa, na alifariki mwaka 1927. Mwenyeheri Anuarite, aliyeuawa Isiro siku tatu tu baada ya ndugu zetu wa Baraka na Fizi, hakuwa amefikisha miaka 25. Nani basi alituambia kwamba utume ni kazi ya wazee wenye kanzu?

Wazee husema mtembea bure si sawa na mkaa bure. Kwa hiyo hatuwaachi na lawama tupu. Tunapendekeza jambo moja, na tunataka lijadiliwe katika kila kikundi kabla ya likizo kubwa. Kila parokia itume vijana wawili wawili, kama Bwana alivyowatuma wale sabini na wawili katika sura ya 10 ya Injili ya Luka, waende kwenye kituo wasichokizoea, wakakae huko mwezi mmoja. Pale ambapo vita vimefunga njia, hatumwambii mtu ajaribu risasi. Wavuke tu barabara, waende katika mtaa wa watu wa lugha nyingine. Mara nyingi safari hiyo ni ndefu kuliko ya kwenda Kazimia kwa mtumbwi.

Na siku za kwanza wasihubiri. Wasalimu wazee kwa Kibembe, au kwa lugha yoyote inayosemwa hapo, hata kama watachekwa; kuchekwa ni ada ya kwanza ya mmisionari. Wateke maji pamoja na wenyeji. Wale kilichowekwa mezani, ikiwa ni sombe bila chumvi basi ni sombe bila chumvi. Wamtembelee mgonjwa ambaye hakuna anayemtembelea. Wajue majina ya watoto. Baada ya hayo wataulizwa wenyewe, «Ninyi mmetumwa na nani?», na hapo ndipo wafungue kinywa. Aliyewahi kulala njaa ya upweke katika nyumba ya watu asiowajua hatapiga makofi tena mtu akisema tuwafukuze wageni.

Na wale wa mashati meupe? Siku watakapobisha hodi Baraka, tuwafungulie. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tuwape kiti na maji ya kunywa, maana jua la ufukoni ni kali. Tuwasikilize hadi mwisho, kisha nasi tuwaambie bila kuwatukana kile tunachokiri, na kwa nini hatutaiacha imani hii: wapo watu wanne waliouawa kwa ajili yake hapa na huko juu mlimani, na tunaweza kuwapeleka waone mahali penyewe. Jioni tuwasindikize njiani.

Wakishaondoka, tuulizane swali ambalo wao watakuwa wametuachia bila kujua: wao wametoka mbali hivyo ili kubisha mlango wetu, sisi tumebisha mlango wa nani? Tunangoja majibu ya vikundi kabla ya kufika 28 Novemba. Na majibu tunayoyangoja ni majina mawili mawili ya watakaokwenda.