Ahadi ya Karata na Ahadi ya Mtoto

Leo tunaungama kosa letu wenyewe.

Jioni moja hapa Mpanda tulikaa kibarazani na simu, tukicheza karata huku tukingoja wali uive. Mchezo wenyewe ni ule Wamarekani wanaouita Spades, kwa kuwa shupaza ndiyo turufu siku zote. Wachezaji ni 4, wawili wawili. Kila mmoja hupata karata 13, na kabla ya kuanza hutaja atakula mara ngapi. Wewe na mwenzako mkitaja 6 mkatimiza, mnapata pointi 60. Mkipungukiwa, mnakatwa 60. Siku hiyo wachezaji wenzetu wote watatu walikuwa simu yenyewe.

Mwanetu akaita ndani, "Mama, njoo unisikilize nikisoma."

"Nakuja sasa hivi, mwanangu."

Tukamaliza mchezo, tukaanza mwingine. Tulipoingia alikuwa amelala, kitabu kifuani.

Simu tuliitimizia ahadi, mtoto tukamvunjia. Katika Luka 14:28 Bwana Yesu anafundisha kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Karata tunazihesabu sana, lakini neno "nakuja" tunalisema bila kuhesabu.

Kupumzika baada ya kazi si dhambi, mradi hakuna pesa inayowekwa. Ila mtoto akiita, ama weka simu chini, ama mwambie utakuja lini, kisha uende kweli.

Asubuhi tulimwomba radhi, akatusomea ukurasa mzima. Uji ulipoa, lakini tulisikiliza mpaka mwisho.