Jezi ya Kamari Duksini

Alfajiri, kabla jua la Garissa halijaanza kuchoma, watoto wanaelekea duksi, yaani chuo cha Kurani, wakiwa na mbao zao za kuandikia aya. Mmoja, wa miaka kumi hivi, amevaa jezi iliyofifia ya klabu ya Everton ya Uingereza, ya mtumba. Kifuani imeandikwa SportPesa, jina la kampuni ya kamari. Mwalimu atamfundisha kwamba kamari ni haramu, naye kifua chake kinaitangaza.

Jina hilo lilikuwa kwenye jezi za Everton kuanzia 2017 hadi 2020. Julai 2017 timu hiyo ilitua Dar es Salaam ikiwa na Wayne Rooney, ikacheza na Gor Mahia ya Kenya, na watoto wa Afrika Mashariki nzima wakatazama.

Wazazi wengi Garissa, Wajir na Mandera huamini kwamba dini imeshawakinga watoto wao dhidi ya kamari. Imani hiyo ni nzuri, lakini imezaa ukimya. Jambo la aibu halizungumzwi nyumbani, na mtoto aliyepoteza hela hana wa kumwambia.

Hela zenyewe huondoka haraka. Katika Aviator, mchezo wa kamari wa kwenye simu, kindege kinapaa kwenye skrini na namba inapanda nacho. Ukichelewa kubonyeza ili utoe hela, kimeruka na pesa yako. Raundi nzima ni sekunde chache, na nyingine inaanza kabla mtoto hajashusha pumzi.

Sheria inasema asiyetimiza miaka 18 asicheze. Lakini akaunti hufunguliwa kwa namba ya simu, na laini inayotumika nyumbani mara nyingi ni ya mama. Kaskazini Mashariki mwa Kenya tatizo hili lina historia yake. Kwa miongo mingi vijana wa hapa walipigwa msasa kabla ya kupata kitambulisho, wengine wakasubiri miaka, na kutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la jamaa kukawa jambo la kawaida. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais alitia sahihi tangazo la kuufuta msasa huo. Mazoea hayafutwi kwa sahihi. Kampuni ikiangalia usajili, inamwona mtu mzima. Anayebonyeza ni mtoto wa darasa la tano.

Serikali haikulala. Aprili 2025 ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30, kisha ikawapiga marufuku watu mashuhuri kuyanadi. Agosti mwaka huohuo Sheria ya Udhibiti wa Kamari ikatiwa sahihi. Safu hii inaitaka mamlaka mpya iliyoundwa na sheria hiyo ihakikishe kampuni inamthibitisha mchezaji mwenyewe kila anapocheza, isiridhike na jina lililo kwenye laini. Na maimamu wa Garissa, wakihutubu kwa Kisomali siku ya Ijumaa, waitaje Aviator kwa jina lake, kwa sababu watoto wanaijua kwa jina hilo.

Klabu za Ligi Kuu ya Uingereza zilikubaliana Aprili 2023 kuondoa majina ya kamari kifuani msimu wa 2025/26 ukiisha. Kwenye mikono ya jezi bado yanaruhusiwa. Na jezi za zamani zitaendelea kuja ndani ya marobota ya mitumba, zikitafuta watoto wa kuzivaa.