Simu isiwe kizuizi mlangoni pa daktari

Zamani mgonjwa aliyefika zahanati alihitaji kadi, daftari na subira. Siku hizi, msomaji, anahitaji pia simu, na ajue kuibonyeza. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipochukua nafasi ya NHIF, wengi wetu tumejisajili kwa kupiga *147# au kupitia mtandao wa Afya Yangu. Asiye na mshahara huulizwa maswali kuhusu nyumba anamoishi na jamaa yake, na majibu hayo ndiyo hutumiwa kukadiria mchango wake, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Kwa hivyo kubonyeza mahali pasipofaa si jambo la mzaha. Kunaweza kumtwika mtu mzigo asioumudu.

Sisi madaktari tunajua vyema madhara ya maandishi yasiyoeleweka. Itazame bahasha ndogo ya dawa unayopewa dirishani. Imeandikwa 1 x 3. Aliyeiandika anajua maana yake ni kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Mgonjwa aweza kudhani ni kidonge kimoja kwa siku tatu, au vitatu kwa mkupuo mmoja. Asipopona, huitwa mkaidi. Kwa maoni yangu kosa ni la bahasha. Chora jua la asubuhi, jua la adhuhuri na mwezi, na hata asiyejua kusoma ataelewa.

Programu za simu nazo ni bahasha za aina hiyo. Aghalabu huundwa na vijana wenye macho makali, simu kubwa na Kiingereza cha chuoni. Wanaozitumia ni nyanya wa Kaloleni, muuza mboga wa Kayole na makanga mstaafu wa Dandora mwenye simu ya kabambe. Mtu akifikia umri wa miaka 40 hivi, lenzi ya jicho huanza kuwa ngumu na maandishi ya karibu hufifia. Kisukari nacho huweza kuharibu macho na kutia ganzi vidoleni. Kwa mtu wa namna hiyo, maandishi ya kijivu juu ya weupe ni sawa na kioo kitupu, na orodha inayokatika kabla hajamaliza kuisoma ni sawa na kufungiwa mlango.

Akishindwa afanye nini? Humkabidhi simu kijana wa duka la saiba au jirani wa ploti. Hapo hutoka nambari ya kitambulisho, nambari ya siri na majina ya watoto. Pengine hata ujumbe wa kliniki ambao mumewe hajauona. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inalinda faragha ya kila Mkenya. Lakini faragha haiwezi kudumu iwapo mwenye simu hawezi kuitumia peke yake.

Wapo watakaosema kwamba watu wetu hawajazoea teknolojia. Si kweli. M-Pesa ilianza mwaka 2007, na leo mama asiyeenda shule hutuma pesa bila kuuliza mtu. Aliweza kwa sababu hatua ni chache, hufuatana kwa utaratibu ule ule kila siku, simu ndogo inatosha, na Kiswahili kipo. Siku hizi jina la mpokeaji huonekana kabla pesa hazijatoka, nawe ukaweza kusitisha. Mtu hapaswi kuadhibiwa kwa kidole kilichoteleza.

Kwa hivyo nawaomba wanaounda huduma za afya za simu: kabla ya kuzizindua, njooni Umoja au Jericho, mumpe mzee asiye na miwani simu, kisha mnyamaze mumtazame. Pale atakapokwama ndipo penye kasoro. Andikeni Kiswahili chepesi, wekeni njia ya kurudi nyuma, na muongeze muda wa kujibu. Wala msimwondoe karani dirishani, kwani simu huishiwa chaji, na ugonjwa haungoji umeme.

Nawe msomaji, usikae ukingoje. Ongeza ukubwa wa maandishi katika mipangilio ya simu yako. Chagua Kiswahili panapowezekana. Iwapo unausogeza mkono mbali ili usome, kapimwe macho. Miwani ya kusomea si anasa. Ukihitaji msaada, keti kando ya mtu unayemwamini, nambari ya siri uibonyeze mwenyewe. Na ukifika kwa daktari nawe hujaelewa ulichoandikiwa, uliza tena. Swali hilo si usumbufu kwetu. Ni sehemu ya tiba.