Neno la Mhariri: Mtoto Asifichwe

Toleo hili tumelielekeza kwenye tiba ya watoto wazaliwao na ila za fuvu na uso, kwa kuwa twaitakidi kwamba kuchelewa huwazidishia madhara ambayo aghalabu yangaliweza kuzuilika.

Fuvu la mtoto mchanga ni vipande vilivyoshikana kwa mishono laini, ili ubongo, ambao katika mwaka wa kwanza hukaribia kuwa maradufu, upate wasaa wa kukua. Basi mshono wa utosini ukifunga kabla ya wakati wake, kichwa hubanwa pembeni kikarefuka mbele na nyuma, na mama ampakapo mwanawe mafuta, vidole vyake huenda vikakuta ukingo mgumu wa mfupa ulionyooka toka mbele hata kisogoni. Ikifunga mishono kadhaa, ubongo waweza kukosa nafasi, na macho yakaathirika.

Tiba ya ila hizi, hasa zile zishikazo fuvu na uso pamoja, ina deni kubwa kwa marehemu Paul Tessier, mpasuaji wa hospitali ya Foch, Suresnes, jirani ya Paris, ambaye pamoja na tabibu wa ubongo Gérard Guiot alithubutu kuifikia mifupa ya macho kwa njia ya ndani ya fuvu, akiipasua ngozi katikati ya nywele ili kovu lisitirike. Alipoidhihirisha kazi hiyo Rome mwaka 1967, hakuridhika na sifa, bali aliwaita mabingwa wa mataifa mbalimbali waje Foch, wawakague wagonjwa wake na wamtazame akipasua, kisha wahukumu kama yafaa kuendelea. Nao wakahukumu aendelee.

Si kila kichwa kisicho sawa kihitajicho kisu, maana vingine vimebonyea kwa kulaliwa upande mmoja tu. Lakini wa kupambanua hayo ni tabibu. Twajua kwamba wazazi wengi humfungia mtoto ndani kwa kumkinga na maneno ya watu, wala si kwa kukosa huruma. Walakini fuvu halingoji maneno yaishe, na upasuaji wa mshono uliofunga hufaa zaidi kabla mtoto hajatimiza mwaka.

Kwa hiyo twawasihi wakunga, wauguzi na wazazi: kipimeni kichwa cha kila mtoto, kipapaseni, na mkiona shaka, mpelekeni kwa tabibu angali mchanga.