Reli Mpya na Vijana Wetu

Naomba niseme neno juu ya kazi za reli na za umeme hapa Uganda. Nilisoma katika shule hii, na sasa ni fundi umeme mjini Tororo. Nina hofu moja, na ningependa wadogo zangu waliomo madarasani waisikie mapema.

Babu yangu alikuwa mtumishi wa reli. Kazi yake ilikuwa kukaza misumari ya njia na kubadilisha mataruma yaliyooza. Hakujua kusoma, lakini alipewa nyumba na mshahara wa kila mwezi, na alipostaafu alipata kiinua mgongo. Siku hizo gari la moshi lilifika Kampala, na tangu 1956 lilifika hata Kasese, na kila kituo kilikuwa na watu wake. Jinja nako, baada ya bwawa la Owen Falls kufunguliwa mwaka 1954, viwanda viliinuka vikaita watu. Mtoto wa mkulima akiingia reli au umeme, ukoo mzima ulipata pumzi.

Mambo hayo yamekwisha. Shirika la reli la Afrika Mashariki lilivunjika pamoja na Jumuiya mwaka 1977. Mwaka 2006 reli yetu ilikodishwa kwa kampuni kwa miaka 25, na mkataba haukufika hata nusu. Shirika la umeme nalo lilikatwa vipande vitatu mwaka 2001. Zamani msoma mita alipita nyumba kwa nyumba. Leo mwenye nyumba hununua umeme kwa simu. Mizigo na abiria wamehamia barabarani, na vijana wengi wa uchukuzi wamepanda bodaboda, bila nyumba ya kazi, bila likizo, bila kiinua mgongo.

Je, kazi hazipo kabisa? Zipo, ila zimegeuka sura. Tazama bwawa la Karuma. Ujenzi ulianza 2013, nalo likafunguliwa rasmi Septemba 2024. Maelfu ya watu walifanya kazi pale. Leo mashine zake sita, zenye nguvu ya megawati 600, huangaliwa na watu wachache waliosoma. Binamu yangu aliacha shule kidato cha tatu akaenda huko kuchanganya saruji. Alipata fedha, akanunua pikipiki, akatucheka sisi tuliobaki na vitabu. Saruji ilipokauka, kazi yake nayo ikakauka. Sasa pikipiki imechakaa, naye ni baba wa watoto watatu, na ameniomba nimfundishe kufunga nyaya. Namfundisha kwa moyo, lakini hesabu alizozikimbia ndizo zinazomsumbua.

Na sasa reli mpya inakuja. Oktoba 2024 serikali ilitia sahihi mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Malaba hadi Kampala, kilomita 272, ya treni zitakazokwenda kwa umeme. Tayari nawasikia vijana wakisema, "Nitaacha masomo nikachimbe tuta." Wako watakaonijibu kwamba tumbo halingoji cheti. Ni kweli, na simlaumu aliyekosa karo. Lakini wewe ambaye karo yako imelipwa, usiuze miaka yako kwa mshahara wa msimu mmoja. Tuta litakwisha kuchimbwa; treni, nyaya na taa za ishara zitahitaji mafundi kila siku. Mwenye kujua ndiye atakayebaki.

Nanyi wanafunzi wa zamani mlioko maofisini, msikae kimya. Semeni tangu sasa kwamba wajenzi wawafundishe vijana wetu kuendesha na kutengeneza, wasiwape majembe tu. Na kila fundi miongoni mwetu amchukue kijana mmoja wakati wa likizo. Mimi huchukua wawili kila Desemba, nao hunibebea ngazi na kuniuliza maswali mpaka nachoka. Nyumba ya reli aliyokaa babu yangu hatutaipata tena, lakini ujuzi huu hakuna mkataba wa kuuvunja.

Samaki mkunje angali mbichi. Nawatakia masomo mema.