Bonasi Isiishie Kwenye Wati

Oktoba ikifika, mji wa Embu hubadilika sauti. Bonasi ya majani chai imeingia, na kila duka la vifaa vya stima huburuta spika zake hadi barazani na kuzifungulia mpaka vioo vya madirisha vitetemeke. Meru ni vivyo hivyo: kutoka Gakoromone hadi Makutano huwezi kumsalimu mtu bila kumshika bega. Hayo nimeyazoea. Lakini juzi niliingia duka moja mjini Embu kununua betri za tochi, nikamkuta kijana ana noti zake mkononi, bado zimekunjwa vile vile alivyozitoa benki. Nyumbani ana spika mbili na amplifaya ndogo. Akamuuliza muuzaji swali la busara kabisa: ikiwa pesa zinatosha kubadilisha kitu kimoja tu, aanze na kipi?

Muuzaji hakufikiri hata kidogo. "Bosi, sauti ni wati. Anza na amplifaya. Hii hapa ni wati elfu kumi."

Nilitoka bila betri. Hasira niliyotoka nayo ingali nami hadi leo, kwa sababu neno hilo nimelisikia Chuka, nimelisikia Nkubu, nimelisikia Maua kwa vijana wenye pesa za miraa, na kila mahali husemwa kana kwamba limeandikwa kwenye Amri Kumi. Sauti ni wati! Ni uongo, na unawala watu waliotoka jasho.

Tuanze na hizo wati elfu kumi. Geuza chombo chochote cha aina hiyo, usome kibandiko kidogo kilicho mgongoni, karibu na waya wa stima. Hapo mtengenezaji huandika kiasi cha umeme ambacho chombo kinakula, na mara nyingi utakuta wati 60, au 80, au 120 kikiwa kikubwa. Mbele kimeandikwa elfu kumi, nyuma kimeandikwa themanini. Sasa niambie, wewe mkulima wa chai, wati hizo nyingine zimetoka wapi? Kwenye kituo cha kununulia majani unasimama mbele ya mizani kama askari. Karani akikukata nusu kilo, kijiji kizima kitasikia. Unajua vizuri kwamba kiwanda hakiwezi kukulipa kilo ambazo hazikupita kwenye mizani. Mbona basi unalipia wati ambazo hazikupita kwenye waya?

Ujanja wenyewe una jina: herufi nne, PMPO, zilizochapishwa kwa rangi ya dhahabu kwenye katoni. Inasemekana ni nguvu ya kilele, ile ya kufumba na kufumbua, lakini hakuna kipimo kimoja ambacho watengenezaji wote wamekubaliana kukifuata. Kila mmoja huandika nambari inayompendeza. Wati za kweli, zile ambazo amplifaya inaweza kuzitoa kwa muda bila kukoroma, mafundi huziita RMS, na hizo huandikwa kwa herufi za sisimizi au haziandikwi kabisa. Wamarekani waliuchoka mchezo huu zamani. Mwaka 1974 Tume yao ya Biashara ya Shirikisho ilitunga kanuni ya jinsi muuzaji anavyopaswa kutangaza nguvu za amplifaya za nyumbani. Zaidi ya nusu karne imepita, na mimi bado naona katoni za wati elfu kumi zimepangwa barazani Embu. Tunao wakaguzi wa mizani ya nyama na wa pampu za petroli. Nataka mkaguzi wa wati.

Haya, tuseme wati ni za kweli. Tuseme kijana yule ana amplifaya ya wati 50 za haki, na bonasi yote imwishie kwenye nyingine ya wati 100. Amepata nini? Desibeli 3. Basi. Kila ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3, nyongeza ambayo sikio huitambua kwa shida. Ili sauti ionekane imekuwa maradufu unahitaji karibu desibeli 10, yaani wati mara kumi. Na kwa mazungumzo ya kawaida sebuleni, redio ikiwa mita tatu kutoka kwenye kiti, amplifaya hutumia wati moja, mara nyingi hata haifiki. Wati nyingine zote zimekaa bure kama lori la tani kumi lililotumwa kubeba kikapu cha mayai.

Sasa tazama spika. Ipo spika ambayo ukiilisha wati moja na kusimama mita moja mbele yake inakupa desibeli 86. Ipo nyingine ambayo kwa wati ile ile inakupa 92. Desibeli hizo 6 ni sawa na kuzidisha wati mara nne, na hukununua amplifaya yoyote. Zaidi ya hayo, spika ndiyo kitu pekee katika mfumo mzima kinachosukuma hewa. Amplifaya hatuisikii. Tunaisikia karatasi ya spika ikienda mbele na nyuma. Karatasi ikiwa duni, kuiongezea wati ni kumpa mlevi kipaza sauti.

Mtu asinijibu kwa nadharia. Achukue "Sina Makosa" ya Les Wanyika, wimbo ambao kila nyumba kutoka Runyenjes hadi Maua inaujua, aucheze kwenye wufa la dukani, lile sanduku la besi lenye amplifaya yake ndani. Atasikia besi ya Tom Malanga ikibingirika kama pipa tupu mteremkoni. Gitaa la Omar Shabani, lile la kupiga mdundo, lile linaloubeba wimbo mzima, atalitafuta. Limezama. Halafu aucheze kwenye jozi ya spika za mbao za zamani, mtumba uliotoka Uingereza, kwa amplifaya ndogo ya wati 20. Gitaa linarudi, kila uzi mahali pake. Wati zimepungua na muziki umeongezeka. Ukishalisikia hilo mara moja, hutadanganywa tena.

Najua watakalosema wenye wufa, kwa maana wameshaniambia. Wanasema wati nyingi ni heshima, eti jirani ajue kuna mtu amejenga. Jirani anakujua tangu ukichunga mbuzi! Anajua shamba lako lina mashina mangapi ya chai na deni lako la dukani ni kiasi gani. Kitu kipya anachojifunza saa tano za usiku ni kwamba huna adabu. Kanuni za kudhibiti kelele nchini zipo tangu 2009, na matatu za njia ya Embu na Meru zinazipita kila siku kama zinavyovipita vibao vya mwendo. Nimesafiri kutoka Chuka na mtoto mchanga mapajani, spika chini ya kiti, nikimwomba dereva apunguze, naye ananijibu kwa kuongeza. Hayo nayo ni matunda ya imani kwamba sauti ni wati.

Wapo pia wasomi kidogo, waliosoma kwamba aanzaye vizuri huanza na chanzo, yaani kile chombo muziki unakotoka. Fundisho hilo lilihubiriwa sana miaka ya 1970 na Ivor Tiefenbrun wa Glasgow, mwanzilishi wa kampuni ya Linn, aliyeuza mashine za kuchezea santuri. Yeye alikuwa na santuri, sindano na mota, vitu ambavyo kweli huharibu sauti vikiwa vibaya. Sisi tuna simu na redio ya FM. Simu ya kawaida leo inatoa muziki safi kuliko spika nyingi za hapa zinavyoweza kuutamka. Chanzo si tatizo letu.

Nitasema kwa nini jambo hili linaniuma. Baba mkwe wangu analima chai upande wa Rukuriri. Kila jioni hufungua Wimwaro FM, kama wenzake wa Meru wanavyofungua Muuga FM. Haifungulii muziki. Anataka habari, bei, mahubiri, na zaidi ya yote matangazo ya vifo. Kwa mzee wa rika lake, matangazo hayo ndiyo yanayomwambia ni nani ametangulia na mazishi ni lini. Miaka yote alikuwa na redio ndogo ya mbao yenye spika moja isiyozidi kiganja. Watoto wake, kwa mapenzi, wakamnunulia wufa la wati maelfu, taa za bluu mbele, wakaliweka kwenye kona chini ya televisheni. Ile redio ya mbao ikapelekwa stoo.

Tangu siku ile, mtangazaji aligeuka kuwa mtu anayeongea ndani ya mtungi. Maneno hutambulikana kwa zile sauti nyembamba, za s na t na k, na hizo hutolewa na spika ndogo za pembeni ambazo watengenezaji wa mawufa huziweka kama nyongeza ya bure. Besi ilizifunika zote. Mzee aliona aibu kulaumu zawadi, akanyamaza. Ndipo siku moja likasomwa jina la mtu waliyetahiriwa naye mwaka mmoja. Mzee alikuwa kwenye kiti chake, redio imefunguliwa, na hakulipata. Alisikia habari hizo kituo cha majani, Jumatatu, rafiki yake ameshazikwa. Ndiyo maana sitaki kuambiwa kwamba hili ni suala la starehe.

Na mnajua ni wapi pengine nimeyaona haya? Kanisani. Tunachanga harambee ya spika kubwa, tunazifunga kwenye jengo la mabati lenye kuta tupu na sakafu ya saruji, mhubiri anapaza sauti, mabati yanairudisha, na mama aliyetembea kilomita nne anarudi nyumbani bila kujua ni mlango gani wa Biblia uliosomwa. Mwaka unaofuata tunachanga tena, za wati nyingi zaidi.

Chumba, watu wangu! Chumba ni nusu ya spika, na kukirekebisha hakugharimu bonasi. Piga kofi moja sebuleni. Ukisikia mlio unaotetemeka baada yake, una kuta zinazorusha sauti kama mpira. Tundika mapazia mazito, tandika zulia, funga dari chini ya mabati; mvua za Machi nazo zitakushukuru. Toa spika kwenye kona, kwa sababu kona huivimbisha besi. Inua ile spika ndogo ya sauti nyembamba ifike usawa wa sikio la mtu aliyeketi. Kagua nyaya: ukikuta nyekundu imefungwa penye nyeusi upande mmoja tu, spika hizo zinavutana, moja inasukuma na nyingine inavuta, na besi inapotea katikati. Nimeingia nyumba nyingi ambako ugonjwa wote ulikuwa waya huo.

Hata stima iko upande wangu. Bwawa la Kindaruma lilianza kutoa umeme 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988, yote kwenye mto Tana ukingoni mwa Embu. Nyaya kubwa zinapita juu ya mashamba ya Mbeere zikienda kumulika miji ya mbali, na chini yake kuna akina mama wanaopikia kwa mwanga wa koroboi. Nitaliandika hilo siku nyingine, na nitaliandika kwa uchungu. Kwa leo itoshe kusema kwamba aliye mwisho wa laini, mbali na transfoma, saa moja jioni hapati volti 240. Amplifaya yenye njaa kubwa hukosa chakula saa ile ile unayoitaka.

Kwa hiyo, kijana wa noti zilizokunjwa, popote ulipo: anza na chumba, halafu spika. Tafuta jozi ya mbao, bonyeza karatasi taratibu kwa vidole usikie kama inakwaruza, tazama ile sponji ya pembeni kama imeoza, maana huoza kwa miaka, na fundi mzuri huibadilisha. Amplifaya ije mwisho, na ikija, soma mgongo wake kabla ya kifua.

Kwa baba mkwe nilifanya hivyo hivyo. Spika mbili za mtumba juu ya stuli, blanketi ukutani nyuma ya kiti chake, na amplifaya ndogo ambayo mwenye duka mmoja wa Runyenjes alikuwa ameshaitupa chini ya kaunta. Jioni ya kwanza mtangazaji alianza kusoma majina. Mzee alisikiliza la kwanza, la pili, la tatu. Kisha akanyosha mkono na kupunguza sauti.